Jina la Pili

Mcha, mshona kofia wa mtaa wa Malindi mjini, alikuwa na redio moja na ndugu mmoja, na redio ndiyo aliyokuwa akikaa nayo vizuri. Ndugu yake, Mkadam, aliishi shamba, Mkokotoni. Waligombana mwaka wa hamsini na moja kwa ajili ya minazi mitatu ya marehemu baba yao, na siku hiyo Mkadam alimwambia, "Nikifa sikuletei mtu. Utasikia redioni kama watu wengine." Mcha akajibu kwamba atasikia.

Miaka minne baadaye ikaja habari kwamba Mkadam yu kitandani, kifua kimemshika, hali si hali. Mcha hakwenda. Hasira ni hasara, hilo alilijua, lakini alishaizoea. Alijiapia jambo moja tu: ndugu yake hatazikwa bila yeye kutia udongo kwa mkono wake. Basi kila siku saa saba mchana huiweka sindano chini akasikiliza matangazo ya vifo. Gari la Mkokotoni huondoka Darajani saa nane, na maziko ni alasiri. Ukisikia, unawahi.

Matangazo yalisomwa mbio, kwani wafu walikuwa wengi na dakika zilikuwa tano tu. Jina, mtaa, jamaa, saa ya maziko, kisha mwengine. Watu watano wa barazani pa duka lake walikuwa wakija kusikiliza pamoja na Mcha, na wote walijua anasikilizia jina gani.

Jumatatu moja msomaji akaanza na Masoud bin Seif wa Kikwajuni.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," wakasema wote sita, kama ipasavyo.

"Masoud yupi huyo?" akauliza Abrahman, muuza kahawa. "Wa halua au wa baiskeli?"

"Wa halua anakaa Vuga," akasema Mcha.

"Kashahama."

"Basi ndiye. Masikini, jana tu nimenunua kwake."

Wakatikisa vichwa. Redio ilikuwa imeshafika kwenye bei ya karafuu.

Mcha akashusha pumzi, maana jina la ndugu yake hakulisikia. Alasiri akaenda kumzika Masoud. Akalipokea jeneza begani, akatia udongo mara tatu, akarudi dukani akijiona mtu mwema.

Magharibi haijaingia, Jaku, dereva wa gari la Mkokotoni, akasimama mlangoni.

"Pole, Sheikh Mcha. Nimekuwekea nafasi mbele, nikakungoja robo saa. Mbona hukuja?"

"Kuja wapi?"

"Kumzika Mkadam. Si katangazwa leo saa saba, wa pili, baada tu ya Masoud?"

Mcha akatoka nje, akawauliza wa barazani mmoja mmoja. Hakuna aliyesikia. Watu sita, masikio kumi na mawili, na redio haikuwa mbali hata hatua tatu. Wote walikuwa wakimrehemu Masoud.

Asubuhi akapanda gari la kwanza. Kwanza alikwenda kaburini, akatia udongo juu ya udongo uliokwisha kutiwa. Kisha akenda kumpa mkono wa pole mjane, Bi Mwanakheir, ambaye alikuwa edani na akazungumza naye nyuma ya pazia.

"Tulikungoja mpaka saa kumi na moja, shemegi."

"Sikusikia, Bi Mwanakheir. Redio iko mbele yangu na sikusikia."

Bi Mwanakheir akapenyeza kikaratasi chini ya pazia. "Tangazo kalisema mwenyewe kabla hajafa, mtoto akaandika. Tazama wa mwanzo."

Mcha akasoma. *Marehemu ni ndugu yake Mcha, mshona kofia wa Malindi.* Halafu ndio wakafuata watoto saba.

"Kanitanguliza mbele ya wanawe?"

"Mbele ya wanawe. Wamenuna mpaka leo. Kasema, 'Mcha akisikia katajwa wa mwanzo, atajua yamekwisha.'"

Mcha akalia kwa sauti mbele ya wageni, jambo ambalo hakulifanya hata alipokufa baba yake.

Siku hizi, saa saba, jina la kwanza likisomwa, watano wa barazani husema inna lillahi na kuulizana ni yupi. Mcha hukaa kimya, kidole juu, macho kwenye redio, na wasiomjua husema mshona kofia huyu ana moyo wa jiwe. Bei ya karafuu ikianza, ndipo naye husema inna lillahi, mara moja kwa kila maiti aliyetajwa, na mara moja zaidi.