Dirisha Lililorukia Ukumbini

“Jirani, hilo dirisha ukilifukuza hivyo, linakwenda wapi?”

Mama Pacha aliniuliza hivyo mwaka jana, ameegemea kaunta ya mapokezi ya zahanati yetu akisubiri namba yake. Nikamwonyesha. Nilishika vitufe vya Super na Shift vya kibodi kwa mkono mmoja, nikagusa kitufe cha mshale kwa mwingine, na ukurasa uliokuwa mbele yangu ukarukia skrini ya pembeni. Akacheka hadi akakaa.

Kipanya cha kompyuta kilikufa mwezi wangu wa kwanza kazini. Wakasema kingine kinakuja. Hadi leo kiko njiani. Basi nikajifunza kuiendesha kompyuta yetu ya Linux kwa vitufe tu. Super na mshale wa juu, dirisha linajaa skrini. Mshale wa pembeni, linakaa nusu. Ukiongeza Shift, linahamia skrini nyingine. Manesi wakaniita Bi Mishale, na jina likashika.

Skrini ni tatu. Ya katikati ni ya kazi. Ya kushoto kwangu imegeuziwa ukuta wa nyuma yangu, ni ya majibu ya vipimo, daktari akipita nyuma yangu anasoma. Ya tatu imetundikwa ukumbini, inaonyesha namba za foleni, na kompyuta ilifundishwa kuwa iko kulia. Kushoto siri, kulia watu wote. Miaka sita Mungu aliulinda mkono wangu.

Alhamisi fundi wa kompyuta alikuja kubadili waya wa skrini ya ukumbini. Nilikuwa nimetoka kusali. Niliporudi ameshaondoka, hakuacha neno wala kikaratasi.

Ijumaa saa nne asubuhi yakaja majibu ya Mama Pacha. Nikabonyeza kama siku zote, mshale wa kushoto. Nikageuka kushoto, hapana kitu. Nikabonyeza tena. Hapana kitu. Ndipo nikasikia ukumbi umenyamaza, na ukumbi wa wagonjwa haunyamazi ovyo. Nikainua kichwa. Jina lake kamili lilikuwa kwenye skrini ya ukumbini, na umri, na majibu yenyewe, ambayo siyaandiki hapa. Yeye alikuwa benchi la mbele, mkoba mapajani. Nikalirudisha dirisha kwa mshale wa kulia.

Siku ile ile nikafunika kibodi na kumkataza kila mtu asiiguse, ili kila kitu kibaki kilivyokuwa. Foleni tukaiita kwa mdomo.

Jumatatu, kabla mlango haujafunguliwa, meneja wa zahanati alituita kwenye kaunta: fundi, Mama Pacha na mimi. Alikuwa na barua imeshachapwa. Nikaisoma polepole. Ilisema nimetoa siri ya mgonjwa kwa uzembe wangu, na naomba radhi.

“Hapo chini tu, mama,” meneja akasema. “Saini, tumalize. Kazi yako ipo.”

“Na nisiposaini?”

“Usitufikishe huko.”

Fundi alikuwa anachezea simu. Hasira ilinipanda hadi masikioni, lakini nilifunua kibodi kwa utaratibu. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika neno moja, KUSHOTO, nikabonyeza mshale wa kushoto. Neno likatokea ukumbini, kubwa kama bango la duka.

“Baba, hebu nieleze,” nikamwambia fundi. “Skrini ile ya ukumbini, tangu lini ikawa kushoto kwangu?”

“Nilipobadili waya, skrini zilijipanga upya zenyewe.”

“Zenyewe?”

Nikafungua mipangilio ya skrini kwa vidole vile vile. Viboksi vitatu vilionekana: cha ukumbini kimekaa kushoto, cha majibu kimepelekwa kulia. Meneja akainama kutazama, akakohoa.

“Niliona,” fundi akasema, sasa kwa sauti ya chini. “Nikajua mama atagundua mwenyewe. Si angetazama kwanza? Mtu unabonyeza bila kuangalia.”

“Uliona, ukafunga begi ukaenda.”

“Mama, tusirefushe,” meneja akasema. “Fundi ni mtu wa kampuni ya nje, barua yake lazima ipitie kwao, ni safari ndefu. Yako ni ya hapa hapa.”

“Kwa hiyo mnachinja aliye karibu.” Nikairudisha barua upande wake wa kaunta. “Saini yangu nilifunzwa na mwalimu wa darasa la pili, maskini, kwa chaki iliyokatika. Hakunifunza ili niiweke kwenye uongo. Nifukuze.”

Kisha nikamgeukia Mama Pacha. Yule ndiye niliyekuwa namwogopa, si hao.

“Jirani, sikuangalia. Vidole vilitangulia macho. Hilo ni langu, na nitalibeba mbele ya Mungu. Kuona na kunyamaza ni la hawa.”

Mama Pacha akalitazama lile neno kwenye skrini ya ukumbini.

“Lilikaa muda gani?”

“Dogo tu,” meneja akadakia. “Sekunde chache.”

“Dakika nzima,” nikasema. “Karibu dakika moja na nusu.”

“Na walikuwa wangapi?”

“Ah, asubuhi ile watu hawakuwa wengi—”

“Kumi na wanne,” nikasema. “Niliwahesabu. Wawili wa mtaani kwetu.”

Meneja alinikata jicho. Mama Pacha alifunga zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga tena. Akaupachika begani, akapita kati ya mabenchi matupu chini ya skrini ile, akasukuma mlango, akatoka bila kumuaga hata mmoja wetu. Barua ikabaki kaunta, haina saini.