Uwezekano wa Baba Kuja

Mwalimu wa hesabu aliomba mfano wa tukio lenye matokeo mawili, na binti aitwaye Kifungua Mimba, jina alilopachikwa nyumbani likamfuata mpaka shuleni, akanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Shule zikifungwa, alisema, baba yake atakuja au hatakuja. Kwa hiyo uwezekano wa kuja ni nusu. Akakaa ameridhika kabisa, maana nusu si haba kwa mtu aliyezoea kusubiri bure.

Baba huyo alikuwa dereva wa greda. Alitengeneza barabara, na ubaya wa kazi hiyo ni kwamba kadiri barabara ilivyorefuka ndivyo naye alivyozidi kuwa mbali na kwake. Kila likizo ilipokaribia alipiga simu kusema safari hii anakuja, na kila likizo mama watoto, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki, alitandika shuka safi huku akiapa kwamba hamtandikii mtu. Maneno yangekuwa yanauzwa, alisema, mumewe angeshawajengea ghorofa.

Mwalimu hakumcheka. Alitoa mfukoni kizibo cha soda, akasema nacho kina pande mbili, wakirushe. Wakakirusha mpaka wa madawati ya nyuma wakaanza kupiga miayo, na mara nyingi kikaanguka upande uleule. Ndipo alipowaeleza kwamba matokeo kuwa mawili hayalifanyi kila moja kuwa nusu, mpaka yawe na nafasi sawa. Sarafu inayo nafasi sawa. Kwa mambo kama kizibo huna budi kujaribu, uchukue mara tukio lilizotokea, ugawe kwa mara ulizojaribu.

Kifungua Mimba akapiga hesabu yake kimoyomoyo. Chini ya mstari aliweka ahadi zote za baba tangu alipoondoka mara ya mwisho, nazo zilikuwa nyingi. Juu hakuwa na cha kuweka. Hesabu haina mjomba. Kengele ilipolia alimfuata mwalimu mlangoni, akamuuliza kama sifuri maana yake ni kwamba jambo haliwezekani kabisa.

"Sifuri ya majaribio inasema bado halijatokea," mwalimu alimjibu taratibu. "Ya kesho haiyajui."

Maneno hayo alikwenda nayo nyumbani polepole, kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja.

Jioni simu ikaita. Mama alikuwa amebana pini mdomoni, kwa mara ya kwanza hakuweza kusema, akamwashiria binti apokee. Sauti ya baba ilikuja imechoka, na tamu kama siku zote. Aliuliza habari za masomo. Akauliza kama kitinda mimba ameanza kutembea, naye kitambo anakimbia. Kifungua Mimba alimpenda mno mtu huyu, na alikuwa amechoka kumpenda kwa simu.

"Shule zikifungwa tu, mama, safari hii..." baba alianza.

"Baba, usiahidi."

"Kwa nini tena?"

Akamweleza habari za namba ya juu na namba ya chini. Kila akiahidi asije, namba ya chini inaongezeka, na hata akija siku moja, ahadi zile zote zitakuwa bado ziko pale chini zikimhesabia.

Upande wa baba zilisikika kwa mbali sauti za wenzake wakifunga kazi.

"Na hiyo ya juu ni ngapi?" baba akauliza.

"Sifuri, baba."

Mama alisimamisha cherehani, akazitoa pini mdomoni moja moja.

"Basi, mwanangu," baba alisema hatimaye. "Siahidi."

Ndicho alichokiomba Kifungua Mimba, na akili yake ilikubali kwamba ni haki. Lakini aliikandamiza simu sikioni kwa mikono miwili, akiomba kwa moyo wake wote kwamba baba asimsikilize, aseme anakuja.