Shimo la Wageni wa Angani

Clifford hakuwa mwongo. Lynnet angeweza kuliapia jambo hilo mbele ya padri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliamini kila alichoambiwa kwa sauti nzito. Simu yake ilijaa video za mwanamume asiyeonesha uso, mwenye sauti ya kutikisa kikombe mezani, akieleza jinsi viumbe kutoka nyota za mbali walivyoshuka Afrika zamani sana kutafuta dhahabu. Huko Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, wachimbaji wenzake walipopumzika walisikiliza rumba. Clifford alisikiliza habari za sayari.

Jumapili hiyo alikuja Homa Bay kumwona Lynnet, shati limepigwa pasi, na nyuma yake rafiki yake Oyaro amebeba mkate na sukari. Oyaro alikuwa Mkisii, Msabato, mtu wa maneno machache. Machimboni yeye ndiye aliyeshika kamba Clifford aliposhuka shimoni.

Dani Orpah, nyanya yake Lynnet, alikuwa kando ya ukuta wa jikoni akichambua omena, dagaa wa ziwani. Alipowaona langoni alijipangusa mikono kwenye leso, akaita kwa nguvu ili majirani nao wasikie.

"Nyieka! Toka huko jikoni! Mume wetu amefika."

Kwa Waluo, nyanya na mjukuu wake wa kike ni wake wenza, nao huitana nyieka, na kijana anayemposa mmoja ajue amewaposa wawili. Kwa hiyo Dani alikuwa na ruhusa ya kumtania Clifford atakavyo, na ruhusa hiyo hakuiacha ilale njaa.

"Mbona umekonda, mume wangu? Wale jamaa zako wa angani hawakupikii?"

"Wako mbali, Dani," Clifford akajibu, akiketi. "Lakini safari hii wamekaribia. Nimekuja na habari."

Lynnet alikuwa akitoka jikoni na chai. Alijua habari yenyewe, maana alikuwa ameambiwa kwa simu. Karibu na Macalder, chini ya kilima, kulikuwa na shimo la zamani ambalo hakuna aliyekumbuka nani alilichimba. Udongo wa mdomoni mwake ulimeguka kama biskuti. Hata wachimbaji waliozoea kucheza na kifo walilipitia mbali, na hakuna aliyefunga mbuzi karibu nalo. Clifford alikuwa ameamua kushuka humo Jumanne.

"Kuta zake zimenyooka, Dani," alisema sasa, akikata hewa kwa kiganja. "Nimechungulia kwa macho yangu. Mtu wa sururu hawezi kunyoosha mwamba hivyo. Ni wao. Na wiki iliyopita watu wameona mwanga ukishuka pale kilimani. Wa buluu. Hauna sauti."

"Ni mtu na tochi anatafuta ng'ombe."

"Ulitoka juu, Dani!"

"Basi ng'ombe alikuwa amepanda mlima."

Oyaro alikohoa ndani ya kikombe. Clifford akamgeukia.

"Wewe unacheka nini? Si hata kanisani kwenu mnasema kuna dunia nyingine?"

"Tunasema," Oyaro akakubali taratibu. "Ziko, na wanaoishi huko hawajaanguka dhambini."

"Umesikia, Dani? Umesikia!"

"Lakini hawachimbi," Oyaro akaendelea. "Mtu asiye na dhambi, dhahabu atampelekea nani?"

Dani alicheka mpaka akashika mbavu. Alimwambia Clifford kwamba mashimo yote ya dunia yalichimbwa na watu wenye jasho na wake wa kulisha, na kwamba kama wageni wa angani wapo, basi wamekosa adabu, maana hawajawahi kufika kwake kunywa hata chai. Clifford naye alicheka, lakini utani ulikuwa umemchoma.

"Sawa," alisema. "Chekeni. Jumanne nitashuka, na Jumapili ijayo nitakuja na ushahidi, niumwage hapa kwenye karai la omena. Ndipo tutaona nani atacheka."

Lynnet alimtazama Oyaro. Oyaro alitazama mkate.

Hapo ndipo Lynnet alipoona jambo ambalo nyanya yake, pamoja na ulimi wake wote, hakuliona. Kila kicheko cha Dani kilikuwa kinamsukuma Clifford hatua moja kuelekea lile shimo. Asubuhi alipofika bado angeweza kubadili nia. Sasa ameahidi mbele ya watu.

Lakini aseme nini? Lynnet aliacha shule akiwa darasa la sita, mama yake alipougua, na tangu hapo, hata kabla ya hapo, maneno yake mbele ya wageni yalikuwa yakifika kooni na kurudi. Clifford aliongea ya watu wawili, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kumpenda. "Usiende" alikuwa ameshasema kwenye simu, akajibiwa, "Usijali." Kusema kwamba hakuna aliyewahi kuja kutoka angani, Dani alikuwa anasema, na faida yake ndiyo hii.

Akashika birika, akaanza kuwaongeza chai, na wakati ikimiminika akajaribu kitu ambacho hakuna mtu katika boma lile aliyekuwa amekijaribu. Alifikiri kana kwamba yule mtu wa kwenye simu anasema kweli.

"Hao wageni," alisema.

Wote watatu waligeuka. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, likavuta mengine.

"Hao wageni walikuwa na akili?"

"Akili!" Clifford akasahau chai yake. "Lynnet, walitushinda mara elfu! Mwamba waliukata kama wewe unavyokata ugali."

"Na walifuata dhahabu."

"Dhahabu peke yake. Hewa ya kwao ilikuwa inaharibika, dhahabu ndiyo dawa. Walikaa hapa miaka na miaka."

"Na walipoondoka, kuna aliyewafukuza?"

"Nani angewaweza? Walimaliza kazi yao wakaenda."

Lynnet alitia sukari kwenye kikombe cha Clifford, akaikoroga, ingawa mwenyewe alikuwa na mikono.

"Sasa walikuachia nini humo ndani?"

Clifford aliegemeza viwiko magotini.

"Mimi nikitoka hapa kwenda Awendo kufuata sukari," Lynnet akasema, akikitazama kijiko, "siachi hata punje kwenye karatasi. Hao wametoka kwenye nyota, na vyombo vyao, na mgonjwa nyumbani anawangoja. Mimi naona walifagia."

"Walifagia," Oyaro akarudia, kwa sauti ile anayotumia kusema amina.

"Labda kuna walichosahau," Clifford akasema.

"Wenye akili mara elfu?"

Dani alikuwa amejaza kifua, tayari kucheka. Lynnet akamtupia jicho ambalo hakuwahi kumtupia tangu azaliwe, na bibi kizee akakimeza kicheko chake, akajikohoza, akainama kwenye omena.

Clifford alikuna kichwa. Haikuwa rahisi kwake. Kumbishia asiyeamini alikuwa amezoea. Huyu alikuwa ameamini kumpita yeye.

"Lakini ule mwanga?" aliuliza mwishowe, na macho yake yakawaka tena. "Wamerudi kufanya nini, kama hakuna kitu?"

Hilo Lynnet hakuwa amelifikiria.

"Ulishukia wapi hasa?"

"Nyuma ya kilima."

"Na shimo liko wapi?"

"Mbele," Clifford akasema, kisha akajisikia alichosema.

"Wenyewe wamerudi na hawakulikaribia," Lynnet akasema polepole. "Wanalijua kuliko sisi."

Clifford alinyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Nimeshawaambia watu wote Osiri kwamba nashuka," alisema kwa sauti ndogo. "Nikirudi bila kitu watanicheka mwaka mzima."

"Wacheke nini? Waambie umefanya uchunguzi. Umegundua wageni hawaachi makombo."

Clifford alilizungusha neno hilo mdomoni kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Enyewe," alisema, "hata yule wa kwenye video hajawahi kusema hivyo." Lakini hakuahidi kitu. Waliondoka jioni, na Lynnet hakujua ameshinda au ameshindwa.

Jumanne asubuhi simu ya Clifford haikupatikana. Lynnet alianika omena, na omena wake siku hiyo walikuwa na mchanga wa kutosha kujenga. Alipiga tena. Alimpigia Oyaro, iliita mpaka ikakata. Dani hakumtania hata kidogo. Alimsogezea kiti, akakaa karibu naye, na hilo lilimtisha Lynnet kuliko yote.

Jua lilikuwa limepita utosini Clifford alipopiga. Nyuma yake mashine za kusaga mawe za Osiri zilikuwa zikinguruma, na Lynnet hakuwahi kusikia kelele tamu kama ile.

"Simu ilikuwa kwa chaji," alisema. "Sikiliza, nimewaeleza. Mwanzo walicheka. Halafu nikawauliza lile swali lako la sukari, wakanyamaza. Kuna wawili walitaka kushuka wao wenyewe nikishindwa. Sasa hawataki! Wanasema mbona wasumbukie shimo lililofagiwa." Akashusha pumzi. "Oyaro anasema uanze kuhubiri."

Lynnet alicheka, kisha akalia kidogo, akageuza uso ili nyanya yake asione. Dani aliona. Alingoja mpaka simu ikakatwa.

"Nyieka," alisema, "tuko wawili tu. Ni kweli unawaamini hao watu wa angani?"

Lynnet alifuta pua kwa ncha ya leso, akafikiri.

"Niliwaamini mpaka saa hii alipopiga."

Dani alitikisa kichwa, akalivuta karai karibu, akaanza kuutoa ule mchanga.

"Basi na mimi nitawaamini kidogo," alisema. "Mpaka harusi."