Dole Gumba la Lalla Batul

"Lalla Batul, hivi wewe una pikipiki ya mizigo? Ile ya magurudumu matatu?"

Lalla Batul alicheka mpaka mkoba ukamdondoka mapajani. Miaka hamsini na minane yote ameimaliza kwa miguu na kwa teksi za watu. Hata baiskeli hajawahi kuipanda. Alidhani Umnia anamtania. Umnia ni mtu wa utani tangu siku ya harusi yake, Lalla Batul alipompamba, na mtu uliyembadilisha kaftani tano kwa siku moja lazima mzoeane. Lakini Umnia, ambaye sasa ndiye mshughulikia mikopo ya nyumba katika benki hii ya mji wa Sefrou, hakucheka. Aligeuza kioo cha kompyuta ili mama wa watu ajionee mwenyewe.

"Kuna mkopo hapa kwa jina lako," alisema. "Ulichukuliwa mjini Meknes miaka sita iliyopita, kwenye kampuni ya mikopo ya vyombo. Pikipiki na jokofu. Haukulipwa hata kidogo."

"Jokofu langu alininunulia marehemu mume wangu. Mpaka leo linanguruma."

"Najua, Lalla. Lakini mfumo haujui. Na ukiwa na deni kama hili, wakubwa wangu hawatatia mkono kwenye mkopo wako wa nyumba. Watairudisha faili hata bila kuisoma."

Hapo kicheko kilimkauka kabisa. Nyumba anayoitaka si ya kifahari: vyumba viwili, ghorofa ya pili, na kibaraza cha kuanikia kaftani. Amepanga humo miaka ishirini na miwili. Mumewe alifia humo. Mwenye nyumba alipofariki, warithi waliamua kuuza, na kwa heshima wakampa mpangaji wao nafasi ya kwanza mpaka mwisho wa mwezi. Zilibaki wiki tatu. Zikipita hizo, nyumba inachukuliwa na tajiri mmoja wa Fes anayetaka kuigeuza ya wageni, na Lalla Batul atafute pengine pa kuweka masanduku yake.

Umnia alimwonyesha nakala ya mkataba. Chini kulikuwa na namba ya kitambulisho chake, sahihi kabisa, na pembeni saini ya mbwembwe, yenye mikia mitatu na nukta mbili.

"Meknes," alisema Lalla Batul taratibu. Ndipo akakumbuka.

Kazi yake ni nagafa, mpamba maharusi. Anakodisha kaftani, mataji na vito, naye ili asiibiwe huwashikia wateja vitambulisho mpaka mali irudi. Ndivyo mji mzima unavyofanya. Mwaka ule machela yake ya kubebea bibi harusi ilivunjika mguu, akaenda kukodi nyingine kwa bwana mmoja wa Meknes, na yule bwana naye akamshikia kitambulisho. Kilikaa kwake siku tatu. Mwanamke aliyeshika kadi za nusu ya mji kwenye kopo la biskuti hakuwahi kufikiri kwamba kadi yake nayo inaweza kutembea. Yule bwana alishafunga duka na kupotea zamani.

"Basi si shida kubwa," Umnia alisema, uso ukimchanua. "Saini hii si yako. Niletee karatasi yoyote uliyosaini mwaka ule. Mkataba, risiti, chochote. Tukiziweka pamoja, kampuni haitakuwa na la kusema."

"Yoyote?"

"Yoyote ile, Lalla. Mtu mzima hakosi kusaini kitu mwaka mzima!"

Lalla Batul alisema atatafuta, akaokota mkoba wake na kuondoka hata bila kumaliza chai ya nanaa. Alijua hataipata. Mwaka ule hakusaini kitu chochote, kwa sababu mwaka ule alikuwa hajui kuandika.

Mtaani kwake hakuna aliyejua siri hii, au ndivyo alivyodhani. Kwa zaidi ya miaka ishirini, akipewa karatasi, Lalla Batul alijipapasa kifuani na kusema, "Ah, nimesahau miwani nyumbani! Hebu nisomee, mwanangu." Watu wakamsomea. Miwani yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Vitambulisho vya wateja alivipanga kwa sura: wanene mbele, wembamba nyuma, wenye ndevu pembeni. Kazi haikuharibika hata siku moja. Ila aliogopa, na uoga huo ulimkaa mwilini kama mkanda uliobanwa. Mama gani angemkabidhi dhahabu ya binti yake mtu asiyeweza kusoma orodha ya vito? Miaka minne iliyopita ndipo alipojikaza akaanza kisomo cha watu wazima msikitini, mtaa wa mbali ambako hafahamiki, akamaliza miaka miwili baadaye. Sasa anasoma, na anasaini jina lake taratibu, herufi kwa herufi. Siri ilikuwa imekwisha kuzikwa. Na leo benki inataka aifukue.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu wake wa kisomo, Ustadha Khadduj, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, akamkuta anachambua dengu, akamsimulia yote.

"Bora niiache nyumba," Lalla Batul alisema. "Nitapanga kwingine. Umnia yule nimempamba mimi. Nimwambie nini, kwamba alipambwa na kipofu?"

"Mwambie hivyo hivyo, halafu umwone kama taji lilikaa upande." Khadduj hakuinua macho kwenye dengu zake. "Niambie, unaona haya kwa sababu ulikuwa hujui, au kwa sababu ya ile miwani yako ya hewani?"

"Wewe una maneno!"

"Ninayo, na nilikufundisha kuyaandika. Ukaja darasani na miaka hamsini na minne, ukakaa dawati moja na wasichana wanaokucheka, hukukosa hata siku moja. Ningekuwa wewe, ningepita mtaani na tarumbeta." Akaweka sinia chini. "Sasa sikiliza. Mkataba wako wa pango ulikuwa ukithibitishwa kila mwaka ofisi ya mtaa, sivyo? Ulikuwa unaweka nini kwenye daftari lao?"

Lalla Batul alikitazama kidole chake cha gumba.

Ofisi ya mtaa ndiko kila mtu wa Sefrou hupeleka karatasi zake zigongwe muhuri. Unasimama foleni, unafika dirishani, unaweka saini kwenye daftari kubwa la jalada jeusi. Nyuma ya dirisha lile, kwa miaka yote hiyo, amekaa mtu mmoja ambaye wote humwita kwa heshima Si Mfadhal, kama wanavyomwita yeye Lalla; ni mwembamba na mpole, na mwakani anastaafu. Lalla Batul alingoja foleni iishe kabisa, ndipo akasogea na kumnong'oneza mwaka anaoutaka.

Si Mfadhal hakuuliza kwa nini. Aliingia chumba cha nyuma, akakaa huko kama nusu saa, akarudi na vumbi mabegani na daftari kifuani. Akalifungua kwa vidole viwili. Pale, siku kumi na moja tu kabla ya tarehe ya mkataba wa Meknes, lilikuwepo jina lake kwa mwandiko wa Si Mfadhal. Mbele ya jina kulikuwa na alama ya dole gumba, duara la buluu lenye kovu katikati, kovu la pasi ya kaftani alilolipata ujanani.

Chini ya dole palikuwa na maneno madogo mno, hata ilibidi ainame. Akayasoma mwenyewe: *Hajui kuandika.*

"Nisamehe, Lalla," Si Mfadhal alisema. "Sheria ilinilazimisha niandike. Nikaandika kwa herufi ndogo kadiri nilivyoweza."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Ulidhani nilikuwa nakugeuzia daftari kwa nini?"

Mambo yote yakamjia kwa mpigo. Kila mwaka, alipofika dirishani, Si Mfadhal aliligeuza daftari upande wa ukutani, akasogeza bega lake mbele kuwaziba watu wa foleni, na kusema kwa sauti ya kusikika, "Umesahau miwani tena, Lalla? Haya, haya, nitakusaidia." Alikuwa akidhani amemdanganya mzee wa watu. Kumbe mzee wa watu ndiye aliyekuwa akimtungia uongo na kuutangaza, mwaka baada ya mwaka, bila ya kuombwa na bila ya kudai hata ahsante.

Lalla Batul alilia pale dirishani. Alilia kwa shukrani iliyochelewa miaka mingi. Si Mfadhal akajifanya anatafuta muhuri, akautafuta muda mrefu ingawa ulikuwa mkononi mwake.

Alipiga nakala ya ukurasa ule, akaigonga muhuri mara mbili. Siku hiyo hiyo Lalla Batul aliipeleka benki. Alimwomba Umnia afunge mlango.

"Sikupata karatasi niliyosaini," alisema, "kwa sababu sikuwahi kusaini. Nilikuwa sijui kusoma wala kuandika. Sina miwani, Umnia. Sasa unajua."

Umnia aliishika ile nakala, akasoma yale maneno madogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na barua yangu?"

Baada ya harusi yake, miaka mitano iliyopita, Umnia alimwandikia nagafa wake barua ndefu ya kumshukuru. Mama yake Umnia alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla ya sherehe, na Lalla Batul ndiye aliyesimama mahali pake, akamfuta machozi na kumpaka wanja upya mara nne.

"Nilikaa nayo miaka mitatu bila kuifungua," Lalla Batul alisema. "Sikutaka mtu mwingine anisomee. Nilipomaliza kisomo, ndiyo barua ya kwanza niliyoisoma mwenyewe, tangu juu hadi chini. Ilinichukua asubuhi nzima. Ulikosea mahali pamoja, umeandika kaftani ya kijani, ilikuwa ya samawati."

Umnia akazunguka meza, akamkumbatia, wakalia na kucheka pamoja, na mlinzi wa benki akabisha hodi kuuliza kama kuna usalama.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya miguu. Lalla Batul alipeleka malalamiko polisi, na maelezo yake akayasaini mwenyewe. Umnia alipiga simu Meknes mpaka wakamtambua kwa kikohozi. Kampuni ilileta ubishi wa wiki moja, lakini mtu asiyejua kuandika hawezi kujifunza saini ya mikia mitatu kwa siku kumi na moja, na hilo hata wakili wao aliliona. Barua ya kumsafisha iliingia zikiwa zimebaki siku mbili, na mkopo ukapita. Siku ya mwisho ya mwezi Lalla Batul alipanda ngazi zile zile za miaka ishirini na miwili, akakaa kwenye kibaraza chake, akamwambia Mungu alhamdulillahi mpaka chai ikapoa.

Kisha akatengeneza biskuti za lozi, sinia tatu: moja ya Khadduj, moja ya Umnia, na moja akaibeba Jumatatu asubuhi, pamoja na mkataba mpya wa maji uliotakiwa kuthibitishwa.

Siku hiyo ni siku ya foleni ndefu kuliko zote. Watu walikuwa wamebanana hadi mlangoni, wengi wao wateja wake. Alipofika dirishani, Si Mfadhal alimtazama, akaligeuza daftari upande wa ukutani kwa mazoea, akasogeza bega.

Lalla Batul alinyoosha mkono, akaligeuza daftari likawaelekea watu. Akashika kalamu.

"Fanya haraka kidogo, Lalla," mwanamke mmoja nyuma alisema. "Tuna kazi!"

"Ningojeni," alijibu kwa sauti, bila kugeuka. "Nimejifunza juzi tu."

Akaandika jina lake lote, taratibu, herufi kwa herufi.

Si Mfadhal alilitazama jina hilo. "Umesahau miwani, Lalla?" aliuliza.

"Sikuisahau, Si Mfadhal. Sijawahi kuwa nayo."