Shingo ya Mtungi

Katika nchi ya Mizimbo hapakuwa na mto. Palikuwa na chemchemi moja, chini ya ukuta wa Ikulu, iliyozibwa kwa jiwe lenye mdomo mwembamba. Mtungi usioushika mdomo huo barabara ulirudi mtupu, maji yakapotelea mchangani. Kwa hiyo kila mwaka wafinyanzi wote walikutana, wakabonyeza ngumi ya mtoto iliyolingana na mdomo huo kwenye udongo mbichi, na alama hiyo ikawekwa uwanjani. Aliyetaka kufinyanga alikwenda kupima shingo ya mtungi wake, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kisha Mfalme akagawa mitungi yake: myepesi, inang'aa, tena ya bure. Watu wakashangilia, ya zamani wakawaachia kuku watagie. Wafinyanzi walipoacha kazi kwa kukosa wateja, Mfalme akaamuru mdomo wa chemchemi uchongwe upya, ufuate mtungi wake. Kipimo kikawa siri ya Ikulu.

Kiangazi kilipokolea, mitungi ya Ikulu ikapasuka shingoni, yote mahali pamoja, maana ilitoka katika kalibu moja.

Mama Sikitu, ambaye binti yake Mwanahiba alikuwa akiungua homa, alikwenda barazani na mtungi wa marehemu mama yake.

"Bibi wee, hicho nacho chombo?" Waziri akauliza. "Kuku wako atalala wapi leo?"

Baraza likaangua kicheko.

"Hauvuji, mheshimiwa. Ni mdomo mlioubadilisha."

"Basi tumia wa Mfalme."

"Umepasuka. Hata wako, mheshimiwa, nimeuona pale mlangoni umefungwa kitambaa."

Kicheko kikakatika. Mfalme akapiga mwayo.

"Nitatengeneza mwingine nikipata nafasi. Haraka ya nini? Kwani watakwenda kunywa wapi?"

Majirani walimchangia matone waliyobakiwa nayo. Hayakutosha. Mwanahiba alikufa jioni ile, midomo imekauka.

Kiangazi hakijaisha, Ikulu ikashika moto. Watu wakaja mbio na mitungi waliyoitoa vibandani mwa kuku, wakasimama mbele ya chemchemi.

"Zimeni! Mnangoja nini?" Mfalme akapiga kelele.

"Hatungoji, Mfalme," Mama Sikitu akajibu taratibu. "Vyombo vyetu havifai."

Hakuna aliyecheka. Ukuta ukaanguka, ukalivunja lile jiwe, maji yakafoka yakikubali kila mtungi. Mama Sikitu akajaza wake, akaupita moto bila kugeuka, akaenda kuyamwaga juu ya kaburi dogo.