Marehemu Anaulizwa Habari za Injini

Mama Greda alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, anasugua plagi ya pikipiki kwa mswaki mkuukuu, mumewe alipoingia kwa mlango wa uani kama ilivyokuwa kawaida yake tangu azikwe. Alikuja jioni, vyombo vya mchana vikiwa havijakauka, amevaa ile suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe, pamba bado puani. Kigoda alikivuta kwa mguu. Vidole vyake havikukunjika tena. Walimlaza navyo vimenyooka, na vimenyooka vilibaki.

"Nyeupe," akasema, akiitazama ile plagi.

"Kama chaki," akajibu mkewe. "Injini inavuta hewa nyingi, mafuta haba. Nikipanda nayo mlima hivi, pistoni itatoboka hata nusu sijafika."

Marehemu akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeelewa. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na kwake pistoni na birika vilikuwa vitu vya ukoo mmoja. Pikipiki aliziogopa. Hata baiskeli, akiona mteremko, alikuwa akishuka na kuikokota kama mbuzi mgonjwa.

Pikipiki yenyewe ilisimama chini ya kamba ya nguo, kubwa, pana, ya safari ndefu, na masanduku mawili ya bati ubavuni. Mama Greda aliinunua chakavu siku alipostaafu kuendesha greda la barabara, kazi iliyompa jina na kumharibia magoti. Akaipanua silinda, akatia pistoni nene, akabadilisha kamshafti, ekzosi na chujio la hewa, yote kwa mikono yake, juu ya meza ambayo zamani mumewe alikatia vitambaa. Iliyobaki nyuma ni kompyuta ya kugawa mafuta. Yenyewe ilidhani injini ni ile ile ya kale, ikawa inaipimia kama mama anayeendelea kumpakulia kisahani cha mtoto kijana aliyekwisha ota ndevu. Kuirekebisha kunataka mashine maalumu, na mashine maalumu zina wenyewe.

Na mlima haukuwa mlima wowote. Barabara inayoupanda aliichonga yeye, kwa greda lake, mpaka kileleni kwenye jiwe jeupe. Hapo waliambiwa wageuze. Upande wa pili amepewa kontrakta mwingine. Mama Greda aligeuza bila kuona kitu ila ukungu. Tangu siku hiyo alikuwa akijiuliza barabara yake inakwenda wapi. Sasa goti la kushoto lilikuwa linakataa kukunjika asubuhi, na goti la kushoto ndilo la kubadilishia gia. Aliamua atakwenda kabla goti halijaamua lenyewe.

Fundi wa kwanza aliyemwendea aliitwa Farasi, kwa sababu hesabu yake yote ilikuwa nguvu za farasi. Gereji yake ilikuwa na sakafu ya vigae, na katikati yake rola: pikipiki inafungwa kwa mikanda, gurudumu la nyuma linazunguka juu ya pipa la chuma, inakimbia kufa na haiendi popote.

"Karibu, mama. Mwenye pikipiki yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Nina maana anayeendesha."

"Ndiye huyo huyo."

"Sawa, sawa," Farasi akasema kwa upole, akiifuta mikono. "Basi mzee akipata nafasi aje tuongee."

"Mzee amekufa."

"Pole sana, mama. Akipata nafasi."

Kesho yake jioni alikwenda na mumewe. Walipoingia, Farasi aliacha alichokuwa akifanya, akaja mbio.

"Shikamoo, mzee! Pole na msiba."

"Marahaba," akasema marehemu. "Nimeshazoea."

"Hii mashine ni yenyewe, mzee! Umeipanua mpaka wapi?"

"Mwulize mama."

Farasi akacheka mpaka akashika kiuno. "Wazee mna utani nyinyi! Haya, panda tuifunge."

Mama Greda akawaambia marehemu asipandishwe. Akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha fundisha vijana wengi kuendesha mitambo, kwamba marehemu ni wa baridi, kwamba mapaja yake yatakumbatia silinda pande zote mbili, na sensa ya joto itaidanganya kompyuta kwamba injini imetoka friji. Injini ikidhaniwa ya baridi hujimwagia mafuta ya ziada. Fundi atayaona, atadhani yamezidi, atayakata. Siku injini ikipata joto lake la kweli, itakuwa na njaa kuliko mwanzo.

Farasi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia marehemu. "Mzee, mama anasema unahisi baridi. Tukuletee koti?"

Wakamfunga juu ya rola, na kijana mmoja akamvutia mkono wa mafuta. Gurudumu likalia, namba zikapanda kwenye kioo, vijana wa gereji wakapiga makofi. Umande ulikuwa umejikusanya kwenye silinda, unadondoka chini tone tone. Hakuna aliyeutazama. Farasi akakata mafuta hapa, akakata pale, na mwisho akamkabidhi marehemu ufunguo kwa mikono miwili, kwa heshima. Ufunguo ukateleza kwenye vidole vilivyonyooka, ukaanguka sakafuni. Mama Greda akainama kuuokota, goti likalia kama mlango.

Kwenye kilima cha nyuma ya mji injini ilianza kugonga kabla hajafika kwenye tangi la maji. Mlio wake ni kama kokoto ndani ya kopo. Akazima, akarudi akiserereka kwa mteremko, akafungua plagi. Mswaki haukuwa na la kufanya. Plagi ilikuwa nyeupe kuliko meno.

Jioni hiyo binti yao alikuwa amekuja kuwatazama. Alimkuta mama yake amelala chali chini ya pikipiki na baba yake kwenye kigoda.

"Mama, si upande basi tu? Linafika huko huko."

"Kwenye basi nitaona kisogo cha mtu. Visogo nimeona vya kutosha."

"Baba, mkataze!"

"Mimi nitamkataza nini, mwanangu," akasema marehemu, "na nimeshakufa?"

Binti akasonya, akaenda kupasha chakula.

"Yuko fundi mwingine," mama akasema kutoka chini ya injini. "Wanamwita Taratibu. Ana rola pia, ila ya mitumba."

"Nije kwa huyo pia?" akauliza marehemu.

"Njoo. Ila safari hii hupandi. Utasimama pembeni na utasema ninayokuambia. Ukisema mwulize mama, mwulize mama, wanadhani ni mzaha."

Gereji ya Taratibu ilikuwa banda la mabati nyuma ya kiwanda cha magodoro, na kila kitu humo kilikuwa na manyoya ya sponji. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mzito wa kuinuka. Alimwamkia marehemu, akampa pole ya msiba, akampa kiti. Mama Greda alibaki amesimama. Kisha Taratibu akachuchumaa mbele ya injini, akaitazama kitambo kirefu bila kugusa kitu.

"Mzee, unakwenda nayo wapi?"

Mama Greda akainamia sikio la mumewe.

"Juu ya mlima mpaka upande wa pili," akasema marehemu.

"Na mzigo?"

Akainamiwa tena. "Masanduku yote mawili, na hema. Na mtu nyuma, ila huyo hana uzito."

"Mafuta ya huko njiani ni mazuri?"

"Ya mapipa. Hayaaminiki."

Taratibu akaguna. "Basi namba kubwa hatuzitaki. Mlimani hufungulii mkono wa mafuta mpaka mwisho. Unapanda na nusu ya mkono, polepole, joto linazidi, upepo hakuna. Hapo katikati ndipo injini zinapofia. Mimi nitaanzia hapo katikati, na huko mkono unapofunguka wote tutapunguza nguvu kidogo. Utapoteza farasi wawili watatu. Utanisamehe?"

Marehemu alifungua mdomo kusema mwulize mama, akakumbuka, akaufunga.

Mama Greda alimwomba mumewe watoke nje kidogo. Wakasimama kando ya magodoro.

"Unamwonaje?" marehemu akauliza.

"Farasi aliuliza maswali ya kijinga, akamwuliza asiyehusika. Huyu anauliza maswali yenyewe hasa, anamwuliza asiyehusika."

"Nimfokee?"

"Ukimfokea atakuomba radhi wewe." Akalitazama goti lake. "Fundi wa tatu hayupo mji huu. Nilitaka mtu wa kunisikiliza, na nataka injini ipone. Leo nitachukua injini."

Wakarudi ndani. Taratibu alikuwa amekwisha ifunga pikipiki, anasubiri mtu wa kukaa juu. Marehemu akasema mgongo unamsumbua.

"Basi mama atusaidie kukaa tu," akasema Taratibu. "Mama, usiogope. Shika hapa, wala usifanye kitu."

Mama Greda alipanda juu ya pikipiki aliyoiunda mwenyewe, akashika alipoambiwa ashike, na kwa saa nzima alifanya kila kitu. Alivuta mkono robo, akaushikilia hapo bila kutetereka mpaka injini ikachemka kwa haki. Akaupeleka nusu, akalibana gurudumu kwa breki kidogo ili rola iwe mlima. Akisikia kokoto alipaza sauti, "Inagonga!" Marehemu, amesimama kando ya kioo cha mashine, alisema, "Inagonga." Na Taratibu alisema, "Mzee ana sikio huyu!" akaongeza mafuta pale pale palipostahili.

"Ongeza tena kidogo hapo kwenye nusu," mama akasema.

"Ongeza tena kidogo hapo kwenye nusu," akasema marehemu.

"Nilikuwa nafikiria hivyo hivyo, mzee."

Jasho lilimtiririka Mama Greda mpaka kwenye viatu. Kokoto zilipungua, zikawa moja moja, zikanyamaza. Banda zima likabaki na ngurumo moja nene, iliyotulia, na manyoya ya sponji yakawa yanaruka juu ya sakafu kwa mpigo mmoja. Taratibu akazima, akafungua plagi, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa kahawia, kama biskuti iliyoiva vizuri. Akampelekea marehemu aione.

"Umefanya kazi, mzee."

Akamkabidhi ufunguo. Ulipoanguka, Mama Greda alikuwa anashuka bado, ikabidi ainame kwa awamu.

Siku ya safari marehemu alikuja asubuhi. Huko aliko alikuwa ameomba ruhusa, na wakubwa wa huko waligomagoma kwa sababu si desturi yao mtu kutoka mchana, ila fundi cherehani hakosi wateja wa zamani wa kumtetea. Kwa kuwa hawezi kushika, mkewe alimfunga kwenye siti ya nyuma kwa mipira ya mizigo, pamoja na hema. Akamwekea mito chini ya mapaja ili ubaridi wake usifike kwenye injini.

"Naogopa," marehemu akasema.

"Unaogopa nini? Kufa?"

"Mteremko."

Walipanda. Mama Greda aliijua kila kona, maana kila kona aliiweka yeye; aliyakumbuka mawe aliyoyazunguka na mawe aliyobishana nayo wiki nzima. Nusu ya mkono. Joto lilipanda, likafika mahali pake, likakaa. Hakuna kokoto iliyolia. Kwenye jiwe jeupe ukungu ulikuwepo, ule ule, umesimama palepale kama uliambiwa usubiri. Goti lilimwambia ageuze. Akabadilisha gia, akauingia.

Upande wa pili barabara iliteremka kwa muda mrefu. Ilipinda kulia mahali ambapo yeye angeipindisha kushoto, na mifereji ya maji ilikuwa imechimbwa upande usiofaa, akaitazama yote kwa makini na kuilaumu kwa sauti. Nyuma yake marehemu alikuwa amefumba macho. Kisha ukungu ukaisha, na chini kukawa na mji mdogo wa mabati, kituo cha mafuta, na baada ya hapo maji mapana yasiyo na upande wa pili. Barabara ilikwenda mpaka kwenye maji, ikasimama. Ndiko ilikokuwa inakwenda.

Mama Greda akasimama kwenye pampu, akavua helmeti, akatazama kwa muda kadiri alivyotaka.

Kijana wa kituo akaja, akapokea ufunguo wa tangi. Akampita Mama Greda, akamgeukia aliyefungwa nyuma.

"Shikamoo, mzee! Umeuvuka mlima na hili jitu? Hongera! Barabara umeionaje?"

"Marahaba," akasema marehemu, akifumbua jicho moja. "Mwulize aliyeichonga. Ndiye huyu mbele yangu."

Kijana akacheka, akampiga begani, akapuliza kiganja kwa baridi. "Wazee hamwishiwi maneno! Na injini alikusetia nani? Inanguruma tamu."

Marehemu akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema liache.

Kijana akajaza tangi, akafunga kifuniko, akaufuta ufunguo kwenye suruali yake. Akamnyooshea marehemu kwa mikono miwili, kwa adabu. Ukagusa vile vidole vilivyonyooka, ukateleza.

Haukufika chini. Mama Greda alikuwa amekwisha kinga kiganja.