Risaga ya Bango

Tryphosa alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa. Si kwa heshima. Alitaka asikose hata neno moja la kwenda kusimulia. Shemeji yake Gibson, mdogo wa mumewe, alikuwa amekuja kutoka ofisi yake ya Nyamira na gari jeupe, hema la kukodi, na bango refu kuliko ukuta wa kanisa: MAFUNZO YA HEKIMA YA WENYEJI KWA KUREJESHA UHUSIANO WA WATU NA MAZINGIRA. Wenyeji wenyewe walikuwa wamepangwa kwenye viti vya plastiki, wakingoja kufundishwa hekima yao.

"Wazee wetu," Gibson akasoma kwenye kompyuta, "walikuwa na desturi iliyoitwa risaga. Mtu akilemewa na kazi, majirani walikuja kumsaidia bila malipo, naye aliwapikia."

"Iliyoitwa?" Tryphosa akanong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaofika mpaka steji ya Keumbu. "Jiko la mamake limejengwa na risaga, tena yeye akiwa hapo hapo anakula makande. Leo amekuwa mtu wa makumbusho!"

Hema lote likacheka. Gibson akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Lakini Tryphosa alikuwa na lake moyoni. Nyumba yake, tangu aolewe, haikuwahi kukosa watu. Akitoka sokoni kuuza ndizi, kijiji kilipitia kwake kunywa chai na kupokea habari zikiwa moto. Sasa chemchemi ya bondeni ilikuwa inakufa. Zamani mtungi ulijaa kabla hujamaliza kumsengenya mtu mmoja. Siku hizi unasengenya ukoo mzima, na wakwe zao, na dumu bado halijafika nusu. Chai ikapungua, na wageni nao. Jana alikuwa na wawili tu, na mmoja wao alikuwa mumewe.

Aliyeuliza swali la maana siku hiyo hakuwa Gibson. Alikuwa Pam, mfanyakazi mwenzake kutoka upande wa ziwani, aliyekaa kimya na daftari lake.

"Mama," akamgeukia Tryphosa, "maji ya chemchemi yalianza kupungua lini?"

"Tangu blugamu zipandwe pale juu ya chemchemi. Zinakunywa kama walevi."

"Na hiyo mikaratusi ni ya nani?"

Watu wakaangalia viatu vyao. Tryphosa akaangalia bango.

"Muulize mwalimu."

Gibson alijaribu kukohoa, kikohozi kikakataa. Mwisho akasema, sauti ikiwa imeteremka, kwamba miti ni yake kweli, na kwamba Jumapili ataiangusha. Kwa risaga.

Akaiita kwa namna yake. Akalitundika bango lake mbele ya duka, na tangazo mlangoni. Akatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, wenye picha ya mikono iliyoshikana na ombi kwamba kila mdau athibitishe kuhudhuria. Jumapili ikafika, na bondeni kulikuwa na fulana hamsini za kugawa, msumeno mmoja, Gibson, Pam, na Tryphosa aliyekuja kutazama aibu kwa karibu. Majirani walipita na vikapu vyao, wakasalimu vizuri sana, wakaenda zao.

"Labda mtandao ulikuwa chini," Gibson akasema.

"Mtandao!" Tryphosa akapiga mapaja. "Shemeji, risaga huitwa kwa miguu. Unaingia kila mlango, unakaa, unaulizwa hali, unakula unachopewa. Na unaanza kwa yule mliyekosana naye, kwa sababu asipokuja huyo, wengine watajua ulitaka mikono yao tu. Wewe umelituma bango. Bango limewahi kula kwa nani?"

Pam akaacha kuandika. Gibson akakaa juu ya boksi la fulana, suruali yake nzuri ikikunjika vibaya.

"Ni kweli," akasema. "Basi nitaanza kwa Nyasani. Mamake alizikwa mimi nikiwa semina, na hajanisamehe." Kisha akainua macho. "Lakini chemchemi ni ya boma letu lote, shemeji. Tunaita sote. Wewe utaanza kwa Nyanchoka?"

Tryphosa akajifunga leso upya, akatazama upande wa kijito.

Nyanchoka, mama yake Bochaberi, aliishi ng'ambo ya kijito. Miaka mitatu nyuma, kwenye harambee ya kanisa, Tryphosa alionja chai ya Nyanchoka akatangaza kwamba sasa amejua maji ya kuoshea sufuria huenda wapi. Watu walicheka wiki mbili. Nyanchoka hakupika tena kanisani, wala hakukanyaga kwa Tryphosa.

Jumatatu, Tryphosa alivuka kijito. Alimkuta Nyanchoka mlangoni akichambua mboga.

"Umepotea njia?" Nyanchoka akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuita risaga, mama Bochaberi. Tunaangusha blugamu."

"Aa. Na mdomo umeuacha nyumbani?"

"Nimekuja nao. Ndio wenye makosa."

Nyanchoka akaweka mboga chini, akaingia ndani. Akatoka na kikombe kilichojaa mpaka pomoni. Tryphosa akanywa. Mungu wangu! Miaka mitatu, na ile chai haikuwa imejifunza kitu. Majani yalipita juu yake kama ndege. Ulimi wake ukaanza kuwasha.

"Chai ikoje?" Nyanchoka akauliza.

Tryphosa akameza. Akameza na yale mengine yaliyokuwa yakipanda.

"Niongezee."

Jumapili iliyofuata watu walijaa bondeni. Nyasani alileta shoka, akamtuma Gibson kama mtumishi siku nzima: shika hapa, buruta kule. Nyanchoka alifika wa kwanza na madumu manne kutoka tangi lake la mvua. "Nilisikia mnataka kupikia watu matope," akasema. Bango likatumika kufunikia sufuria, nzi wasiingie. Miti ilianguka mmoja mmoja, na mahali pake Pam na wazee wakachomeka vipande vya omotembe, mti wa kienyeji unaotunza maji. Maji hayakuongezeka siku hiyo hata kikombe. Mzee mmoja alisema wangoje misimu miwili.

Kisha ikaja chai. Alikuwa ameipika Nyanchoka, na macho yote ya bonde yakamgeukia Tryphosa.

Akanywa vikombe vitatu.